Rangi ya joto au ya baridi: namna ya kuzipima ukutani kabla ya kununua ndoo

Kazi yangu ni kupaka rangi nyumba za watu hapa Tanga, na swali ninaloulizwa kuliko yote halihusu bei. Ni hili: "Fundi, sebuleni niweke krimu au niweke ile ya bluu-bluu?" Zamani nilikuwa nalijibu papo hapo, tukiwa bado dukani, mbele ya kadi ya rangi. Siku hizi silijibu. Namwambia mwenye nyumba anunue makopo mawili madogo, turudi nyumbani kwake, na tujipe siku mbili. Chumba chenyewe kitatuambia, na hakijawahi kunidanganya kama kadi ilivyonidanganya.

Tuelewane kwanza kwenye maneno. Rangi za joto ni zile zilizoegemea njano, chungwa na nyekundu: krimu, mchanga, kunde, udongo, waridi, hadi damu ya mzee. Rangi za baridi zimeegemea bluu: samawati, kijivu cha mawingu, kijani cha bahari, zambarau nyepesi. Kijani na zambarau hukaa mpakani, zikavutwa huku au kule. Kijani cha jani changa la mgomba kina njano ndani yake, basi ni cha joto. Kijani cha maji ya kina pale ng'ambo ya kisiwa cha Toten kina bluu, basi ni cha baridi.

Nyeupe nayo ina pande zake. Wazee wetu walilijua hili bila kadi yoyote: chokaa ikikauka na umanjano kidogo, walitia nili kwenye ndoo, ile bluu ya kufulia, wakakoroga. Bluu kidogo huua njano, na ukuta ukaonekana mweupe wa kumetameta. Walikuwa wanaigeuza nyeupe ya joto kuwa nyeupe ya baridi.

Na jambo moja nilitoe njiani mapema, maana limewagharimu watu pesa. Ukuta wa ndani ukipakwa bluu, chumba hakipoi. Kipimajoto kitasoma kilekile. Joto la nyumba zetu linatoka juu kwenye bati na kwenye kuta za nje zinazopigwa na jua. Ukitaka kupunguza joto, anza na dari, na upepo unaopenya kutoka dirisha moja hadi jingine, na mti wa kivuli, na rangi nyepesi huko nje. Rangi ya ndani inabadilisha mwanga na namna unavyojisikia ukikaa. Hilo si dogo, kwa kuwa pale ndipo utakapokaa kila jioni kwa miaka mitano au sita.

Hatua ya kwanza: soma chumba kabla hujaenda dukani

Ushauri mwingi unaozunguka mitandaoni umeandikwa Ulaya na Marekani. Huko wanasema chumba kinachotazama kaskazini kina mwanga wa ubaridi, kwa hiyo kipakwe rangi ya joto. Kwao ni kweli, kwa sababu jua lao la mchana liko kusini mwaka mzima. Tanga iko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta. Jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Katikati ya hapo, adhuhuri ya Juni linaegemea kaskazini kiasi cha nyuzi 28 kutoka utosini. Adhuhuri ya Desemba linaegemea kusini kiasi cha nyuzi 18. Namna rahisi ya kukumbuka ni kwa pepo zetu: kusi inapovuma kutoka kusini, jua liko kaskazini; kaskazi inapovuma kutoka kaskazini, jua liko kusini.

Maana yake kwako mwenye nyumba ni kwamba jua la adhuhuri halipigi ndani sana upande wowote, hasa kama upenu wako umetoka vizuri. Dirisha la kaskazini na la kusini yote mawili yanaleta mwanga wa anga na mwanga unaodunda kutoka chini. Tofauti kubwa iko mashariki na magharibi. Chumba cha mashariki hupata jua la njano asubuhi, kisha kuanzia mchana kinabaki na mwanga wa anga, ulioegemea bluu. Chumba cha magharibi ndicho kigumu: mchana kimetulia, halafu saa 10 na saa 11 jioni jua linaingia limelala, la chungwa, linapiga ukuta mzima. Krimu yenye njano nyingi katika chumba hicho, saa hizo, huonekana kama imewaka. Kijivu cha baridi saa hizohizo hulainika na kupendeza.

Kwa hiyo simama katikati ya chumba, jua dirisha kubwa linatazama wapi, na jiulize: chumba hiki kinatumika saa ngapi? Sebule ambayo watu wanakutana baada ya magharibi ina kesi tofauti na chumba cha mwanafunzi anayesoma asubuhi.

Kisha toa kichwa dirishani. Mwanga haufiki ukutani mikono mitupu. Unabeba rangi ya kila kilichougusa njiani. Mwembe mkubwa ukiwa mbele ya dirisha, mwanga unaingia na ukijani. Uwanja wa udongo mwekundu unapandisha wekundu hadi darini. Bati la bluu la banda la jirani nalo linatupa bluu. Nyumba za Raskazone zinazotazama ghuba zina mwanga mweupe mkali unaodunda majini, tofauti kabisa na nyumba zilizobanana za Ngamiani ambako dirisha linatazama ukuta wa mwenzio hatua tatu mbele.

Hatua ya pili: tazama sakafu na mbao

Hapa nieleze kilichotokea kwa shangazi yangu, kwa sababu ndicho kilichonibadilisha.

Nyumba yake ni ya zamani, ya barabara zile za namba, na sakafu ya sebule ni ile saruji nyekundu iliyosuguliwa nta hadi inang'aa. Alitaka kijivu-bluu, ya utulivu, aliyoiona kwenye nyumba ya harusi. Nikapaka mikono miwili, nikavua vitambaa vya sakafuni, nikafungua madirisha. Shangazi akaja na stuli yake, akakaa, akatazama kimya. Kisha akasema, "Mwanangu, huku chini pamekuwa zambarau."

Nikachuchumaa. Alikuwa amesema kweli. Kuanzia sakafuni hadi kimo cha goti, ukuta ulikuwa na uzambarau uliofifia, kama nguo iliyochujiwa na nyingine kwenye beseni. Juu zaidi ilikuwa kijivu. Karibu na dari ilikuwa bluu hasa. Rangi ni moja, ndoo ni moja. Ni sakafu ile nyekundu ilikuwa inarusha mwanga wake juu, na wekundu ukikutana na bluu ndio zambarau. Nilikuwa nimetandika magunia na nailoni sakafuni siku zote mbili za kazi, kwa hiyo sikuiona hadi nilipoyatoa. Nikairudia sebule ile kwa gharama yangu.

Tangu hapo naangalia sakafu kabla ya ukuta. Saruji nyekundu na marumaru za kahawia zinasukuma joto juu. Rangi ya baridi iliyo nyepesi sana itachafuka hapo, lakini nyeupe ya joto au rangi ya mchanga itakaa vizuri. Marumaru nyeupe au za kijivu hazina ugomvi mkubwa. Mbao nazo ni vivyo hivyo: milango ya mninga ina wekundu, mtiki wa shamba la miti la Longuza una udhahabu. Rangi ya baridi pembeni mwa mbao hizi huzifanya zionekane nyekundu zaidi, kwa kuwa jicho hukuza tofauti ya vitu viwili vinavyopakana. Kama unaipenda mbao yako na unataka ionekane, kijani cha baridi kilichopoa ni rafiki mzuri. Kama milango ni ya zamani na imechoka, ukuta wa joto utaificha.

Hatua ya tatu: jua taa yako

Geuza boksi la balbu utazame namba yenye herufi K. Balbu ya 2700 hadi 3000 inatoa mwanga wa njano, kama wa jioni. Ya 4000 iko katikati. Ya 6500 ni nyeupe yenye bluu, na hiyo ndiyo iliyojaa madukani kwetu, watu wanaiita taa nyeupe.

Rangi ya baridi chini ya balbu ya 6500 usiku inazidi ubaridi, na sebule inaanza kufanana na wodi. Krimu yenye njano chini ya balbu hiyohiyo, hasa ikiwa balbu ni ya bei ya chini, huelekea ukijani usiopendeza. Rangi zenye wekundu, kama damu ya mzee, zinakufa zikawa kahawia. Mara nyingi mtu akinilalamikia ukuta, namwambia abadilishe balbu kwanza. Balbu ni shilingi elfu chache, ndoo ya rangi ni mbali zaidi. Amua balbu utakayokaa nayo, uifunge, ndipo uanze kupima rangi. Ukipima kwa balbu moja kisha ukahamia nyingine, umepima bure.

Na kwa kuwa umeme unakatika, kuna hili. Katika mwanga hafifu wa magharibi, kabla hujawasha chochote, jicho hupoteza nyekundu mapema na kushikilia bluu na kijani kwa muda mrefu zaidi. Mwanasayansi wa Kicheki, Jan Evangelista Purkyně, alilieleza hili katika karne ya 19, na bado linaitwa kwa jina lake. Ukuta wa udongo au damu ya mzee utageuka giza mapema; ukuta wa samawati utaonekana bado. Kwenye korido isiyo na dirisha mimi nalizingatia.

Hatua ya nne: chagua mbili zenye uzito mmoja

Kosa kubwa katika kulinganisha ni kuweka krimu nyepesi kando ya bluu nzito, kisha mtu anasema "bluu inabana chumba". Kilichobana ni uzito wa rangi, bluu haina kosa. Chagua moja ya joto na moja ya baridi zinazolingana kwa weupe. Baadhi ya kadi zina namba kati ya 0 na 100 inayoonyesha kiasi cha mwanga ambacho rangi inarudisha. Chukua mbili zenye namba zinazokaribiana. Kama hakuna namba, piga picha ya kadi zote mbili kwa simu, igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Zikionekana kijivu kimoja, zinalingana. Ila simu usiitumie kuhukumu rangi yenyewe, maana kamera hujirekebisha na kupoozesha au kupasha picha bila kukuuliza.

Kutambua rangi imeegemea wapi, iweke juu ya karatasi nyeupe safi. Kijivu kinachoonekana kijivu tu mkononi, juu ya karatasi kitakuonyesha ubluu wake, au ukijani, au uzambarau. Njia nyingine ni kutazama rangi iliyokolea kuliko zote kwenye safu hiyohiyo ya kadi, kwani mara nyingi ndiye mama yao, na sura yake imo ndani ya zile nyepesi.

Hatua ya tano: paka ubao, usipake ukuta

Watu hupaka viraka vitatu vinne ukutani, kila kimoja kikubwa kama sahani. Havisaidii. Ukuta wa zamani unaozunguka kiraka unakidanganya: kama ulikuwa njano, kila kitu juu yake kitaonekana bluu. Na viraka vile huja kuonekana kama makovu chini ya rangi mpya usipovipiga msasa.

Chukua vipande viwili vya hadibodi au jipsamu, sentimita 60 kwa 60. Piga mkono wa kwanza wa nyeupe, kisha mikono miwili ya rangi yenyewe, ukiacha mpaka mweupe wa vidole viwili pembeni pande zote. Subiri ikauke kabisa. Rangi nyingi za maji hukolea kidogo zinapokauka, na wakati wa masika kukauka kunachukua muda mrefu kuliko kopo linavyosema. Mimi naacha usiku kucha. Tumia umaliziaji uleule utakaoweka ukutani, iwe mati (isiyong'aa) au silki (yenye kung'aa kidogo), kwa sababu silki hurudisha mwanga wa balbu na kuonyesha rangi tofauti kidogo.

Hatua ya sita: zitembeze

Simamisha ubao wima, kamwe usiulaze, maana ukuta hupokea mwanga kwa ubavu. Zitazame nyakati nne: saa 1 asubuhi, saa 6 mchana, saa 10 na nusu jioni, na saa 2 usiku taa ikiwa imewaka. Kila wakati, zipeleke mahali patatu: ukuta unaotazamana na dirisha, ukuta uleule wenye dirisha (ambao ndio wenye giza kuliko yote mchana), na chini kabisa karibu na sakafu. Toa mazulia na mikeka ambayo haitakaa hapo siku zote, na rudisha ile itakayokaa.

Anza na mbili pamoja, sentimita kumi kati yao. Hapo utaona wazi ipi ni ya joto na kwa kiasi gani. Lakini usiamue ukiwa umeziweka pamoja, kwa kuwa kila moja inaitia mwenzake chumvi. Ficha moja, kaa na nyingine dakika tano hadi kumi, jicho lizoee. Kisha badilisha. Hutakuja kuishi na rangi mbili zimepakana. Utaishi na moja.

Halafu mkalishe mtu mbele yake. Hiki ni kipimo ambacho sijakiona kwenye kadi yoyote na ndicho ninachokiamini zaidi. Mwambie mama, au mtoto, akae karibu na ubao, usiku, chini ya taa. Tazama uso wake. Karibu na rangi ya joto, ngozi ya maji ya kunde na nyeusi hupata uhai. Karibu na baadhi ya rangi za baridi, hasa kijivu chenye ukijani, uso unapauka kama wa mtu aliyeamka na homa. Zipo rangi za baridi zisizofanya hivyo, na bluu iliyotulia mara nyingi haina shida. Sebule ni mahali pa nyuso za watu, kwa hiyo rangi inayomfanya mgeni wako aonekane mgonjwa haifai, hata iwe nzuri vipi dukani.

Andika kwa penseli nyuma ya kila ubao: saa, mahali, na neno moja tu, "safi", "chafu", "kali", "imekufa". Baada ya siku mbili maneno yatakuwa yameshaamua.

Hatua ya saba: nunua na upake

Sebule ya mita 4 kwa 5 yenye kimo cha mita 2.8 ina kuta za mita za mraba 50 hivi. Toa mlango na madirisha, zinabaki kama 43. Kwa mikono miwili ni 86. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini, kwa hiyo unahitaji karibu lita 9: galoni mbili za lita 4 na kopo moja la lita 1. Ukuta mpya unaonyonya utataka zaidi. Nunua zote siku moja, zimimine kwenye ndoo moja kubwa uzikoroge pamoja, kwa sababu galoni mbili za namba moja huweza kupishana kidogo na tofauti ikajitokeza katikati ya ukuta. Ile karatasi ya mashine iliyobandikwa kwenye kopo, yenye mchanganyiko, ibandue uihifadhi.

Kama lipu ni mpya, iache wiki nne ikauke na kupoa kabla ya kupaka. Ukali wa saruji mbichi hula rangi nyingine, hasa njano na nyekundu zinazong'aa, wakati zile za udongo, zitokanazo na kutu ya chuma, huvumilia. Ndiyo maana mchanga na kunde hudumu kwenye kuta zetu, nami nikiombwa rangi ya joto kwenye nyumba mpya huanzia hapo. Na ukiona unga mweupe wa chumvi unatoka chini ya ukuta, usipake juu yake. Tafuta maji yanaingilia wapi.

Wenye nyumba wengine huishia kupenda zote mbili, na hilo halina ubaya. Weka ya joto pale watu wanapokutana jioni, na ya baridi chumbani au kwenye chumba cha magharibi. Hakikisha tu zinaonana vizuri mlango ukiwa wazi: simamisha ubao mmoja sebuleni na mwingine kwenye korido, urudi nyuma hadi mlango wa mbele, uzitazame kwa pamoja kama mgeni anayebisha hodi.

Shangazi, baada ya ile zambarau, tulimpimia upya kwa ubao. Alichagua rangi ya mchanga iliyokaribia tui la nazi, na milango tukaipaka kijani cha bahari. Sakafu nyekundu bado inapandisha rangi yake ukutani, ila sasa inapandisha udhahabu hafifu, na saa 11 jioni anaacha pazia wazi.